Una bangili ya kielektroniki mguuni na umepangiwa upasuaji? Fuata hatua hizi

Mama alikuwa ameshavaa gauni la hospitali, lile linalofungwa mgongoni, na dripu iko mkononi. Nesi akafunua shuka ili amvishe mifuko ya kukandakanda miguu. Akakuta bangili nyeusi ya plastiki kwenye kifundo cha kushoto, taa yake ya kijani inawaka na kuzima. Daktari wa usingizi akaitwa, akauliza inavuliwaje. Hakuna aliyejua. Afisa anayemsimamia mama akapigiwa simu, ikaita hadi ikaishia kwenye ujumbe wa sauti. Kufika saa 2 asubuhi upasuaji ulikuwa umeahirishwa, na mama wa watu hajatia kitu tumboni tangu jana yake jioni.

Siku hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Nimeyaona hayo tena na tena hapa Marekani, kwa Wakongo, kwa Warundi, kwa watu wa kwetu pwani, na karibu kila mara kosa ni lile lile: bangili inatajwa asubuhi ya upasuaji badala ya siku upasuaji unapopangwa. Mwongozo huu ni wa kuziba hilo pengo. Unamfaa aliyefungwa bangili ya kufuatilia alipo na idara ya uhamiaji, yaani ICE, kupitia ISAP, mpango wake wa kuwasimamia watu walio nje ya kizuizini, na pia aliyefungwa na mahakama akisubiri kesi au akitumikia kifungo cha nje. Mambo ya sheria ya kesi yako muulize wakili wako. Hapa tunashughulika na mguu.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Majina na simu za watu wawili: afisa mwenye mamlaka juu ya kesi yako, na mtu wa kampuni inayosimamia kifaa. Tafuta pia namba inayopokelewa usiku na Jumapili. Mara nyingi imo kwenye makaratasi uliyopewa siku ya kufungwa.
- Nakala ya masharti uliyosaini. Ikiwa ni ya Kiingereza tupu, usomewe kabla hujaanza kupiga simu.
- Barua ya hospitali (Hatua ya 2 inaeleza iandikwe nini).
- Fomu ya ruhusa ya kutoa taarifa zako za matibabu. Sheria ya faragha ya mwaka 1996, HIPAA, huifanya hospitali isite kuongea na afisa wako bila saini yako.
- Chaja ya bangili, na waya mrefu wa kuongezea umeme.
- Daftari dogo. Kila simu andika tarehe, saa, jina la uliyeongea naye na alichosema.
- Mtu mzima mmoja wa kukaa nawe. Dawa za usingizi zitakulevya kwa saa kadhaa, na bangili haijui kama umelala.

Jambo moja kuhusu lugha. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho ina wajibu wa kukupa mkalimani bila malipo, ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Usimtumie mtoto wako. Na ukipewa mkalimani ambaye Kiswahili chake cha Mombasa hukishiki wewe wa Bukavu, sema ubadilishiwe. Hilo si ukorofi, na sisi wakalimani hatukasiriki.

## Hatua ya 1: Itaje bangili siku ile ile unapopangiwa upasuaji

Usingoje waione. Daktari wa upasuaji anaangalia tumbo lako, hana habari na kifundo cha mguu. Suruali ikishuka hadi kwenye viatu, unaweza kuhudhuria kliniki mara tatu na hakuna atakayejua.

Wengi hunyamaza kwa aibu, au kwa hofu kwamba watachukuliwa kama wahalifu. Naielewa hofu hiyo. Lakini manesi wa chumba cha upasuaji nchini humu wameshaziona bangili nyingi. Wanachotaka kujua ni mambo manne tu: ipo mguu gani, imefungwa na nani, inatumia betri ya kuchaji au la, na nani ana ruhusa ya kuitoa. Waambie hayo manne, na useme yaandikwe kwenye faili. Kwa Kiingereza utawasikia wakiiita "ankle monitor". Shika neno hilo, litakusaidia hata mkalimani asipokuwepo.

Rudia maneno hayo hayo kwa kliniki ya usingizi, ile inayokupigia simu au kukuita siku chache kabla. Hawa ndio wenye neno la mwisho asubuhi ya upasuaji.

Umefaulu pale muuguzi anaposoma faili na kukuuliza habari za bangili kabla wewe hujafungua mdomo.

## Hatua ya 2: Pata barua ya hospitali

Simu haitoshi. Afisa anayetakiwa kuruhusu kifaa kitolewe anahitaji karatasi ya kuweka kwenye faili lake, la sivyo lawama ni zake. Omba barua yenye nembo ya hospitali na saini ya daktari, ikisema:

1. jina lako na tarehe ya kuzaliwa;
2. tarehe ya upasuaji, saa ya kufika, na anwani ya jengo;
3. kwamba kifaa kilichoko mguu fulani kitolewe kabla ya upasuaji kwa sababu za usalama wa mgonjwa;
4. kitolewe lini na kisirudishwe kabla ya lini;
5. simu ya mtu wa hospitali ambaye afisa anaweza kumuuliza.

Huna haja ya kueleza ugonjwa wako wote. "Upasuaji unaohitaji dawa ya usingizi" inatosha.

Angalia saa kwa makini, maana hapa nimeshateleza mwenyewe. Mgonjwa aliniambia afisa atampigia "saa tatu", nami kwa haraka nikaandika 3:00. Yeye alimaanisha saa 3 asubuhi ya kwetu, yaani 9:00. Kwenye barua, kwenye daftari na unapoongea na afisa, tumia saa kama simu yako inavyoionyesha, na useme ni asubuhi au mchana.

## Hatua ya 3: Mpelekee mwenye mamlaka, udai jibu la maandishi

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Unayekutana naye kila mwezi huenda ni mfanyakazi wa kampuni tu. Kwa bangili za uhamiaji kampuni hiyo ni BI, iliyo chini ya GEO Group. Mfanyakazi huyo anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado asiwe na uwezo wa kuamua. Muulize waziwazi: "Uamuzi ni wako au wa afisa?" Akisema ni wa afisa, barua iende kwa wote wawili. Kwa bangili za mahakama, uliza kama afisa wako anaweza kuruhusu mwenyewe au ni lazima hakimu atoe amri. Ikiwa ni hakimu, mwite wakili leo hii, kwa sababu ombi la mahakamani huchukua siku.

Omba majibu ya maswali haya:

- Nani ataitoa, na wapi? Ofisini kwao siku moja kabla, au atakuja mtu hospitalini?
- Nitafuatiliwaje nikiwa sina bangili? Kwa wengine huwa simu, programu ya kupiga picha ya uso, au kifaa cha kuvaa mkononi.
- Itarudishwa lini, na nikiwa bado nimelazwa itakuwaje?

Onyo: usiikate mwenyewe, hata kama upasuaji ni kesho na hakuna anayepokea simu. Ndani ya ule mkanda mna waya au uzi wa nuru unaopeleka taarifa mara unapokatika. Katika majimbo kadhaa kukata bangili ya mahakama ni kosa la jinai, na kwa mtu wa uhamiaji kunaweza kumrudisha kizuizini.

Ukipewa "sawa" kwa simu, tuma ujumbe mfupi au barua pepe: "Leo tarehe fulani umeniambia bangili itatolewa Alhamisi saa 10:00 asubuhi." Asipokanusha, una kitu cha kuonyesha.

## Hatua ya 4: Ikitolewa, kagua ngozi

Mkanda ukishafunguliwa, angalia pande zote za kifundo, hasa juu ya mfupa na nyuma kwenye mshipa wa kisigino. Michubuko, upele au kidonda kidogo kinachotoa maji vipigwe picha na vionyeshwe hospitalini. Kidonda chenye usaha kinaweza kuahirisha upasuaji wa kupandikiza kitu mwilini, kama goti la bandia. Mwenye kisukari asipuuze hata mchubuko, kwa sababu miguu yake inaweza kuwa imeshapoteza hisia.

Oga, kausha, pumzisha ngozi. Usipake mafuta mazito asubuhi ya upasuaji. Vibandiko vya hospitali havishiki.

## Hatua ya 5: Ikikataliwa kutolewa, zungumza na daktari wa usingizi kwa kina

Kuna wakati jibu ni hapana, au halipo kabisa. Je, upasuaji unaweza kuendelea? Mara nyingine ndiyo. Anayeamua ni daktari, na uamuzi wake unategemea upasuaji wenyewe. Nitaeleza wanachokiogopa ili uelewe maswali yao.

Kisu cha umeme. Madaktari hukata na kuzuia damu kwa kisu kinachotumia umeme. Kwa aina iliyozoeleka zaidi, umeme hutoka kwenye ncha ya kisu, hupita mwilini, kisha hutoka kwa njia ya pedi pana ya gundi iliyobandikwa kwenye paja au mgongo. Pedi ni pana ili joto litawanyike. Hofu ni kwamba umeme ukipata mlango mwingine mdogo, kwa mfano chuma kinachogusa ngozi na kugusa kitanda, utajikusanya hapo na kuunguza. Mashine za siku hizi zimeundwa kupunguza sana hatari hiyo, ila haijaisha.

Kinachohesabika ni njia ya umeme. Chukua upasuaji wa nyongo: kisu kiko tumboni, pedi iko pajani. Umeme unaishia pajani, na bangili iko chini zaidi, nje ya njia. Sasa chukua upasuaji wa kidole gumba cha mguu huo huo, pedi ikiwa pajani: umeme unapanda kutoka kidoleni, unapita kifundoni penye bangili, ndipo ufike pajani. Kwa upasuaji wa namna hiyo bangili lazima itoke, au ihamie mguu mwingine. Uliza pia kama wanaweza kutumia koleo la umeme la ncha mbili, ambalo umeme wake unapita kati ya ncha zake tu bila kusafiri mwilini.

Spiriti na moto. Dawa ya kusafishia ngozi mara nyingi ina spiriti. Ikichuruzika na kutuama chini ya mkanda haikauki upesi, nayo ni kitu kinachoshika moto. Ngozi isiyo na nywele huachwa ikauke angalau dakika 3 kabla ya kisu cha umeme kuwashwa. Mguu wenye bangili ukiwa ndiwo unaosafishwa, sehemu chini ya mkanda haiwezi kusafishwa wala kukaushwa ipasavyo. Hii ni sababu nyingine ya kuitoa.

Mgandamizo. Mimi hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, ingawa ndilo lisilotajwa sana. Ukiwa macho, mkanda ukibana unausogeza. Ukiwa umelala usingizi wa dawa, au miguu imekufa ganzi kwa sindano ya mgongo, mguu haulalamiki. Upasuaji wa saa nne, kifundo kimelalia kile kiboksi cha plastiki, maji ya dripu yanaingia na mguu unavimba: mkanda uliokuwa na nafasi ya kidole sasa umekaza kama pete kwenye kidole cha mjamzito. Waombe waweke sponji laini kati ya kifaa na ngozi, kiboksi kigeuzwe kisikae upande unaolaliwa, na mtu aangalie rangi na joto la vidole vya mguu kila baada ya muda.

Damu kuganda. Ile mifuko inayojaa upepo na kuukamua mguu ili damu isigande haikai vizuri penye bangili. Uliza watatumia nini badala yake: mifuko ya nyayo, mguu mmoja tu, au dawa ya sindano.

Kelele na chaji. Bangili nyingi huhitaji chaji ya kama saa 2 kila siku. Ikipungua hutetemeka, hulia, na nyingine husema kwa sauti. Ijaze kabisa kabla ya kuingia, kisha chaja ibaki nje. Haichajiwi mtu akiwa kwenye meza ya upasuaji.

Utajua mazungumzo yamekwenda vizuri ikiwa daktari wa usingizi amekushika kifundo kwa mkono wake, akapitisha kidole chini ya mkanda, akaandika.

## Hatua ya 6: MRI haina mjadala

MRI ni mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Sumaku yake hospitalini huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, na haizimwi usiku wala mchana. Bangili ina betri, saketi na vipande vya chuma: inaweza kuvutwa, kupata joto na kuunguza ngozi, na yenyewe kuharibika. Kwa hiyo inatoka kabla hujavuka mlango wa chumba kile. Ukiulizwa "una chuma chochote mwilini?" jibu ni ndiyo, hata kama unaiona ni plastiki.

Eksirei na CT hazivuti chuma. Tatizo ni picha kuharibika kama kinachopigwa ni kifundo chenyewe. Altrasaundi haina shida.

## Hatua ya 7: Ikiwa ni dharura

Ajali, mimba iliyotunga nje ya kizazi, kidoletumbo kilichopasuka: hakuna kumsubiri afisa. Sheria ya mwaka 1986, EMTALA, inazitaka idara za dharura za hospitali zilizo katika mpango wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kumpima na kuituliza hali ya kila anayefika, awe na karatasi au hana, awe na bangili au hana. Bangili ikizuia matibabu, wahudumu wataikata kwa mkasi wao mzito. Waache wakate. Kazi ya ndugu aliyeko pale ni hii:

1. Andika saa iliyokatwa, jina na cheo cha aliyekata.
2. Kifaa na mkanda uliokatwa viwekwe kwenye mfuko wa plastiki. Visitupwe, maana utadaiwa.
3. Piga namba ya saa 24, useme mgonjwa yuko hospitali gani na nani amekata. Usipopokelewa acha ujumbe, kisha piga tena.
4. Omba nesi aandike kwenye faili kwamba kifaa kimekatwa na hospitali kwa sababu ya tiba, na upewe nakala.

Usisubiri mgonjwa azinduke ndipo upige. Tahadhari ilishafika kwao mkanda ulipokatika, na simu yako ndiyo itakayowaeleza kwamba huyu hakutoroka.

## Hatua ya 8: Baada ya upasuaji

Kuta za hospitali huweza kuzuia GPS, na ramani yao ikaonyesha umepotea. Mpe afisa jina la jengo na ghorofa mara unapohamishiwa wodini. Aliye na masharti ya kutotoka nyumbani usiku ahakikishe anwani ya hospitali imeruhusiwa kwa usiku wote wa kulazwa, pamoja na siku ya ziada, kwa sababu "utatoka kesho" ya hospitali mara nyingi huwa keshokutwa.

Ikiwa bangili haikutolewa, yule mtu wako wa karibu ndiye mwenye zamu ya chaji. Waya usipite kitandani penye maji wala juu ya kidonda.

Wakati wa kuirudisha, usikubali ifungwe kwenye mguu uliopasuliwa, wala juu ya bandeji, wala kwenye mguu uliovimba. Onyesha barua. Omba mguu mwingine, au kifaa cha mkononi. Mkanda ukifungwa, kidole kimoja kipite chini yake ukiwa umesimama, sio umekaa, kwa kuwa mguu hujaa zaidi unaposimama.

Waliojifungua kwa upasuaji wana hali yao. Uvimbe wa miguu huweza kuongezeka siku za kwanza baada ya kujifungua, na aliyekuwa na presha ya mimba anaweza kuvimba zaidi. Mkanda uliokaa sawa asubuhi unaweza kuwa unakata ngozi jioni. Mama akiumwa kichwa kikali au kuona maruweruwe pamoja na uvimbe huo, suala si bangili tena; arudi hospitali mara moja.

Kwa wote, siku hizi za mwanzo kagua mguu asubuhi na jioni. Vidole vya baridi, vya buluu au vilivyokufa ganzi: mkanda unabana, piga simu, na usipopata jibu nenda idara ya dharura waulegeze wao. Ndama ya mguu mmoja ikiuma na kuvimba, au pumzi ikikata ghafla, piga 911, kwa sababu hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda.

Yule mama wa mwanzo alipangiwa tena wiki tatu baadaye. Safari hii bangili ilitolewa Jumatano mchana ofisini kwa kampuni, na Alhamisi akaingia chumba cha upasuaji na kifundo kitupu, chenye alama ya weupe mahali mkanda ulipokuwa. Alipozinduka, swali lake la kwanza kwangu kwenye simu lilikuwa kama chaja yake imo kwenye mfuko. Ilikuwemo.